Nyumba za Bakanja mjini Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi una nyumba za Bakanja, kazi ya Wasalesiani, watawa Wakatoliki waliofika eneo hilo la Katanga mwaka 1911. Jina ni la Mwenyeheri Isidore Bakanja, kijana Mkongo aliyekufa mwaka 1909 kwa majeraha ya viboko alivyopigwa kwa sababu ya imani yake.

Wanaopokelewa ni watoto na vijana wa barabarani. Wengi wanaolala nje hutafuta nafuu ya baridi, njaa na woga katika lutuku (pombe kali ya kienyeji), bangi au gundi. Hekima ya nyumba hizi, inayostahili pongezi za dhati, ni kuanza na maji ya kuoga, chakula na kitanda. Anayelala sokoni hawezi kuacha ulevi kwa mahubiri peke yake. Shule na ufundi hufuata.

Malezi yanafuata njia ya Don Bosco, mwanzilishi wa Wasalesiani: akili, dini na upendo. Sala ina saa yake, na mlezi anaishi karibu na vijana, jambo gumu kuliko kufundisha. Jamaa pia hutafutwa, ili mtoto arudi nyumbani panapowezekana.