Juu ya Wimbo "Malaika"

Wasomaji wetu wa Lupepo na pande zote za Rungwe waujua wimbo uitwao "Malaika". Huimbwa hata arusini, jambo litushangazalo, kwa maana wimbo wenyewe wahusu arusi isiyokuwapo. Kijana ampenda msichana, ataka kumwoa, lakini hana mali, basi ashindwa. Utunzi wake umegombewa: wengine humtaja Fadhili William wa Kenya, aliyeutia katika sahani ya santuri huko Nairobi, wengine Adam Salim wa Tanganyika. Sisi hatuamui shauri hilo.

Twauliza neno moja tu: yule kijana aumia wapi? Wengi hudhani aumia moyoni. Sisi twaona aumia zaidi katika heshima yake, kwa kuwa atajaye umaskini wake mbele ya ampendaye amejivua nguo. Wazee wa Kinyakyusa wangemwelewa upesi. Kwao mahari ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa mikononi mwa baba. Kijana asiyepewa alingoja, huku watu wazima wakioa mke wa pili na wa tatu. Miaka ya 1930 vijana wengi walishika njia ya Chunya, kwenye dhahabu ya Lupa, wapate fedha ya kununulia ng'ombe.

Sasa tulinganishe na wimbo wa mbali. Huko Meksiko, José Alfredo Jiménez (1926–1973) alitunga kwa Kihispania wimbo "El Rey", maana yake Mfalme. Mwanamume amekataliwa na mwanamke, naye ajua kwamba yuko nje ya mlango. Hata hivyo ajitangaza kuwa mfalme asiyeamriwa na mtu. Ni kama jogoo aliyenyeshewa mvua usiku kucha, akiwika juu ya jaa. Twamcheka, kisha twamhurumia, maana jeraha laonekana chini ya majivuno.

Kijana wetu hana majivuno hayo. Akiri kwamba ameshindwa, na kwa hiyo twamwamini kuliko yule Mmeksiko. Lakini naye ana kosa lake: lawama yote aitupa juu ya mali. Je, binti angekubali kungoja? Je, baba yake aliombwa apunguze mahari? Wimbo haujibu. Binti ameitwa malaika, na malaika haulizwi shauri.

Mwaka 1965 Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliutoa wimbo huu katika sahani pamoja na Harry Belafonte wa Marekani. Baadaye, mwaka 1981, Boney M wa Ujerumani waliugeuza kuwa wa kuchezewa dansi, na huzuni yake karibu yote ikapotea humo. Makeba hakuipoteza. Tena aliimba maneno yale yale ya kijana, hata neno la kuoa, ambalo kwa Kiswahili ni la mwanamume, kwa kuwa mwanamke huolewa. Masikio yetu hushtuka kidogo. Lakini kwa kusikia sauti ya mwanamke mahali pale, ndipo tuanzapo kufikiri yule binti angesema nini, kama angepewa ubeti wake.