Wanne kwa Wanne, na Watatu wa Ziada

Novemba 5, 2023 inakumbukwa kwa matokeo: Yanga 5, Simba 1. Kocha wa vijana huko Kyela atavuna zaidi akiirudia mechi hiyo huku akiwatazama wasio na mpira. Hadi mapumziko ilikuwa 1-1. Kipindi cha pili Maxi Nzengeli akatupia mawili, Stephane Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua akafunga kazi kwa penalti. Yanga ya Miguel Gamondi ilikuwa timu ya kukabia juu: mpira ukipotea, aliye karibu anaufuata papo hapo.

Tabia hiyo inafundishika kwa koni nne, mpira mmoja na wachezaji 11. Barcelona wamelitumia zoezi hili la wanne kwa wanne na watatu wa ziada miaka mingi. Boksi la mita 15 kwa 10 linatosha kuanzia. Wenye mpira wanasimama wawili wawili kwenye pande ndefu, wakabaji wanne wanakaa ndani. Watatu wa ziada, mmoja kila upande mfupi na mmoja katikati, wanacheza na timu yenye mpira.

Utamu uko pale mpira unaponaswa. Walionasa wanatawanyika pembeni. Waliopoteza wanaingia ndani mbio kabla pasi ya pili haijapigwa. Kocha anayepiga filimbi hapo ili awapange upya analiua zoezi, maana sekunde hizo tatu nne ndizo zinazofundisha.

Mkabaji wa kwanza asivamie moja kwa moja. Apinde mbio zake kidogo, azibe njia ya kumfikia mtu wa katikati na kumlazimisha mwenye mpira acheze pembeni, ambako wakabaji wenzake wawili wameshasogea. Wa nne anabaki nyuma yao, anavizia. Mkabaji wa kwanza akikimbia peke yake, pasi mbili tu zinamwacha hoi.

Kwa wenye mpira, kazi ngumu ni ya yule wa katikati: atazame nyuma ya bega kabla ya kupokea, asimame kiubavu, mguso wa kwanza umtoe kwenye msongamano.

Masika yakilishika bonde la Kyela, viwanja vinatuama maji na pasi ya chini inafia njiani. Kulazimisha mguso mmoja kwenye tope ni kuwaonea vijana. Waruhusiwe mitatu, na mkabaji mmoja atoke. Kiangazi, ardhi ikikauka na mpira ukadundadunda, boksi lipanuliwe hatua mbili tatu.

Dakika mbili za kazi, moja ya kupumua, mara sita. Kocha akiona mkabaji wa pili ameanza kutembea, asimamishe mapema.