Mchoro wa mota ya bakteria umezeeka

Mchoro wenyewe mnaujua. Mkia mrefu wa bakteria, yaani flajela, umepachikwa kwenye ukuta wa seli. Kwenye shina lake kuna pete zilizopangwa kama sahani, na pembeni vipande viwili, MotA na MotB, vimesimama kama nguzo. Mwanafunzi anakariri majina, anayajaza kwenye mtihani, basi. Shida ni kwamba mchoro huu unafundisha majina na kuificha kazi.

Tuanze na haki yake. Mpangilio wa pete uko sawa. Kwenye utando wa ndani ipo pete ya MS, iliyojengwa kwa protini FliF. Chini yake, ndani ya seli, ipo pete ya C yenye FliG, FliM na FliN. Fimbo inapita katikati ya pete za P na L, inafuata kulabu ya FlgE, halafu mkia wa FliC. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye zile nguzo, yaani stata. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba kila stata ina MotA 4 na MotB 2. Mwaka 2020, picha za hadubini ya elektroni za sampuli zilizogandishwa zilionyesha MotA 5 zikiwa zimezizunguka MotB 2. Utauliza, moja zaidi ina uzito gani? Ina uzito mkubwa. Pete ya watano haiwezi kukaa sawasawa juu ya wawili, daima upande mmoja unapishana. Ndiyo maana maelezo yenye nguvu zaidi sasa ni kwamba protoni zikipita, pete ya MotA inazunguka MotB na kuisukuma pete ya C, gurudumu dogo likiendesha kubwa. Kumbe nguzo ni gia! Mchoro unaoichora ikiwa imesimama tuli umekosea jambo la msingi kabisa.

Kosa la pili: stata zinachorwa kana kwamba zimepigwa misumari. Ni kweli MotB hujishikiza kwenye ukuta wa seli, ila haikai hapo milele. Mwaka 2006 watafiti waliipa MotB ya E. coli alama inayong'aa, wakahesabu takriban MotB 22 kwa kila mota, yaani stata 11 hivi. Wakaona pia kwamba zinapokezana, kila moja ikikaa kama nusu dakika tu. Utafiti wa baadaye ukaonyesha kwamba mzigo ukiwa mzito, stata zinaongezeka. Mbona mchoro una mbili tu, tena zisizobanduka?

Kosa la tatu: bakteria mmoja anawakilisha wote. Pete ya L inahitaji utando wa nje, kwa hiyo Bacillus subtilis, asiye na utando huo, hana pete hiyo. Vibrio wengi huendesha mkia kwa ayoni za sodiamu, kupitia PomA na PomB. Campylobacter jejuni ana stata 17, zikiwa zimepangwa kwenye duara pana zaidi, na anapata msukumo mkubwa zaidi.

Kuna atakayesema kidato cha nne watachanganyikiwa. Hapana bwana. Gia ya baiskeli wanaijua tangu utotoni. Kinachowachosha ni orodha ya majina yasiyofanya kitu.

Marekebisho hayagharimu. Chora stata kama gurudumu dogo, weka mshale wa protoni, onyesha nyingine zikiingia na kutoka, na chini uandike ni bakteria gani. Kisha kwenye mtihani, badala ya "taja sehemu", uliza hivi: bakteria akiingia kwenye ute mzito, stata zake zitaongezeka au zitapungua, na kwa nini? Anayejibu hilo ameielewa mota.