Kifuko kilikuwa wapi?

Kutoboa, kujaza gesi, kufunga mishipa kabla ya kukata: hadi hapo wapasuaji wa matundu madogo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni ile dakika mashine ya kusagia uvimbe inapowashwa wazi tumboni. Ulikuwa uamuzi mbovu tangu siku ya kwanza.

Kesi ya Amy Reed mmeifuatilia: daktari wa usingizi wa Boston, mama wa watoto sita. Oktoba 2013 alitolewa kizazi kwa ajili ya fibroidi. Kumbe ndani mlikuwa na saratani ya leiomyosakoma, na bomba la mashine hiyo, lenye kisu kinachozunguka, likaitawanya. Alifariki Mei 2017.

Itazameni tena hatua hiyo, taratibu. Koleo linavuta nyama kuelekea kwenye kisu, kisu kinaichuna vipande virefu, na kila kikizunguka chembe zinaruka: juu ya utumbo, kwenye utando wa tumbo, chini kabisa ya nyonga. Mpasuaji anaokota vikubwa, anasuuza, anafunga. Hata fibroidi isiyo na saratani hujipandikiza humo ikaota upya, na hilo lilijulikana. Lilijulikana pia kwamba hakuna MRI wala kinyama cha kupima kinachokuhakikishia kabla ya upasuaji kuwa uvimbe si sakoma. Sasa kama hujui umeshika nini, unakisagaje peupe? Vifuko vya kutolea nyama vilikuwepo. Njia ya uke ilikuwepo. Hata kuongeza kidonda sentimita chache na kukata kwa mkono kuliwezekana.

Nimeshasema na nitarudia: kovu dogo limegeuzwa dini. Mashine ya umeme ilipoingia miaka ya 1990 ilisifiwa kwa kuokoa muda. Muda wa nani?

Victor Bonney, yule Mwingereza wa enzi za kovu refu, alitoa fibroidi 225 kwenye kizazi kimoja. Ziliweza kuhesabiwa kwa sababu zilitoka nzima.

Aprili 2014 FDA, mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, ilikadiria kwamba katika kila wanawake 350 wanaopasuliwa kwa fibroidi, mmoja ana sakoma iliyojificha. Watetezi wakadai hesabu imetiwa chumvi. Haya, ipunguzeni, semeni mmoja kati ya elfu. Kifuko kimewazidi bei? Johnson & Johnson, wafanyabiashara, waliziondoa mashine zao sokoni Julai mwaka uleule, huku madaktari wakiendelea kubishana. FDA ilisubiri hadi 2020 ndipo ikasema waziwazi: isagwe ndani ya kifuko tu.

Halafu yuko Jacques Ravina wa Paris, ambaye wapasuaji hawapendi kumtaja. Alikuwa akiziba mishipa ya kizazi ili kupunguza damu kabla ya upasuaji. Baadhi ya wagonjwa wakapata nafuu, wakaghairi kupasuliwa. Akaitangaza njia hiyo 1995. Haigundui sakoma, sawa, lakini haiitawanyi.