Programu Katika Chumba Kisicho na Mtu

Programu iliyotungwa kwa ajili ya mtu aketiye mbele ya kompyuta, aifungue asubuhi na kuifunga jioni, ina tabia mbali kabisa na ile ambayo katika Windows huitwa huduma. Kwani huduma huamka pamoja na mashine kabla mtu yeyote hajaandika jina lake na neno la siri, wala haimjui karani wala saa za kazi. Ofisi moja niliyopata kuisaidia ilikuwa na programu ya namna ya kwanza, kazi yake kuchunga folda na kupeleka seva kila hati iliyotiwa humo. Na kila umeme ulipokatika usiku ukarudi alfajiri, mashine iliwaka yenyewe, ilhali programu ililala hadi karani afike. Ikaamuliwa igeuzwe huduma.

Tulianza na srvany, chombo kikongwe kilichotoka katika zana za ziada za Windows NT. Msimamizi wa huduma ana desturi ya kumtaka kila aliyeitwa aitikie kwa kaida maalumu, na programu isiyoijua kaida hiyo hungojwa sekunde 30, kisha huandikiwa kosa namba 1053 na kufukuzwa. Srvany hukaa kati mithili ya wakili: humwitikia msimamizi kwa adabu aitakayo, halafu husoma katika sajili ya Windows, chini ya ufunguo uitwao Parameters, jina la programu iliyokusudiwa, na kuizindua.

Nikadhani kazi imekwisha. Orodha ya huduma ilishuhudia kuwa yetu inakwenda, na hati hazikusogea hata moja.

Sababu yake ilitugharimu siku nzima. Huduma iliendeshwa kwa akaunti ya LocalSystem, ilhali mipangilio yote aliyoiweka karani ilihifadhiwa katika fungu la sajili lililo lake yeye. Basi programu, ikijiona ndiyo kwanza imefika nyumba ngeni, ilitoa kidirisha cha makaribisho na kungoja kitufe kibonyezwe na mtu asiyekuwapo. Wala hakuna aliyeweza kukiona kidirisha hicho, kwa kuwa tangu Windows Vista huduma zimetengwa katika kikao namba sifuri, wasikoingia watumiaji. Utengo huo si ukorofi wa waundaji: mwaka 2002 Chris Paget alidhihirisha kwamba programu nyonge yaweza kulipelekea dirisha la programu yenye mamlaka makubwa ujumbe wa kuihadaa, madhali zote mbili zimeketi baraza moja. Palibakizwa tundu la kuchungulia, Interactive Services Detection, nalo likazibwa katika Windows 10 toleo la 1803.

Basi tukaiundia programu akaunti yake, tukaingia kwayo mara moja kwa mikono yetu, tukajibu kila swali la makaribisho, ndipo tukaiagiza huduma itumie akaunti hiyo. Herufi Z, ambayo karani aliizoea kuwa ndiyo folda ya seva, nayo haikutambulikana, maana herufi za namna hiyo huundiwa kila aingiaye peke yake. Ikabidi njia iandikwe kamili kuanzia jina la seva. (Wapo wapendao Task Scheduler badala ya haya yote, na si vibaya, mradi wakumbuke kuiondoa alama ambayo, wasipoigusa, husimamisha kazi baada ya siku 3.)

Srvany yenyewe hatukudumu nayo. Wakili huyo hamwangalii anayemwakilisha: programu ikifa, yeye huendelea kumwambia msimamizi kuwa mambo ni salama, na akiamriwa asimame, huikata programu ghafla hata kama ina hati mkononi. Tukaweka NSSM mahali pake, ambayo huizindua programu upya ifapo, na ikitakiwa kuisimamisha huiomba kwanza ifunge madirisha yake kwa hiari, ikaingoja kidogo, ndipo ikaiua.