Vituko vya Kwenye Simu na Watoto Wetu



Mtoto wa miaka saba katika nyumba zetu za pwani huenda bado hajaihifadhi tahiyatu, lakini jina la MrBeast analijua, na ukimwuliza atakueleza jinsi mtu huyo alivyofukiwa ardhini akiwa hai kisha akatoka. Wazazi nao huja na swali moja: je, vituko hivi vya kwenye simu ni halali kwa watoto kuvitazama, au ni haramu? Swali ni zuri, lakini wengi wa wanaouliza hawajavitazama, na wengi wa wanaojibu pia. Mmoja husikia neno YouTube au TikTok akasema yote ni upuuzi. Mwengine husema ni mchezo wa watoto tu. Na simu humbakia mtoto mkononi vilevile. Kwa hiyo natuvitazame kwanza, kisha ndipo tuhukumu.

Tuondoe dhana moja mapema. Kuthubutu si jambo geni kwetu, wala si baya kwa asili yake. Bwana Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), alipigana mieleka na Rukana akamwangusha, na Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini kwake, naye akamwachia Bi Aisha awatazame mpaka akatosheka mwenyewe. Lamu huadhimisha Maulidi, na pamoja na dhikri na kasida huwako mashindano ya punda, ya mashua na ya kuogelea. Na Unguja, pale Forodhani, jioni vijana hujitupa baharini kutoka ukutani kwa mitindo ya kila namna, na mchezo huo waitwa makachu. Wenyeji na wageni husimama kuwatazama, na siku hizi video zao huzunguka dunia.

Basi tuanze na hiyo ya makachu, maana ni yetu. Ni video yenye kupendeza. Kijana huja mbio, huruka, hujikunja hewani, huingia majini, na watu hushangilia. Lakini itazame kwa jicho la mtu wa pwani: ni kitu gani hakimo? Hakimo kipimo cha maji. Kijana wa Forodhani ameyajua maji hayo tangu utotoni. Anajua kama leo ni bamvua au ni maji mafu, anajua saa ya kujaa na saa ya kupwa, anajua jiwe liko wapi. Katika bahari yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita nne hivi. Ukuta unaorukika asubuhi, baada ya saa sita tu chini yake huweza kuwa mchanga na mawe. Kamera haionyeshi hayo, kwa kuwa hayapendezi kutazamwa. Mtoto wa Tanga au wa Mombasa aionaye video hiyo anajifunza mruko, hajifunzi maji. Na shingo si kama mkono, ikavunjika ikaungwa.

Hiyo ndiyo ila ya aina hii yote ya video, na ni ila ya usanii kabla haijawa ya dini: hukata kile kile kilichoufanya mchezo uwezekane. Wako vijana watano wa Texas, Marekani, waliosoma chuo kimoja, ambao tangu mwaka 2009 hutoa video kwa jina la Dude Perfect. Kazi yao hasa ni kuutupa mpira kutoka mahali pa mbali, juu ya jengo au ng'ambo ya uwanja, ukaingia kikapuni. Lugha yao ni safi, hawatukani, hawamdhalilishi mtu. Mimi sioni ubaya mtoto akiwatazama. Lakini mtazamaji huona mpira ulioingia. Ile iliyokosa imekatwa. Mtoto aulizwe: unadhani alikosa mara ngapi? Akishazoea kuuliza swali hilo, nusu ya uchawi imemtoka.

Ila hiyo hiyo mahali pengine imeua. Mwaka 2017 huko Minnesota kijana mmoja alimtaka mwenziwe ampige risasi huku ameshika kitabu kinene kifuani, akiitakidi kuwa kitabu kitaizuia. Makusudio yao yalikuwa kutazamwa na watu wengi YouTube. Kitabu hakikuizuia. Mwezi wa Januari 2021, huko Palermo, Italia, alikufa binti wa miaka 10, ikasemekana alikuwa akifuata shindano la hatari aliloliona mtandaoni, na mamlaka ya nchi hiyo ikaiamuru TikTok iwafungie watu ambao umri wao haukuthibitika. Mwisho wa mwaka huo huo, katika milima ya California, rubani mmoja aliruka kwa parachuti akaiacha ndege yake ianguke, kisha akatoa video kana kwamba chombo kimemharibikia. Ilikuwa uongo, ndege kaiangusha yeye. Mwaka 2023 alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuyaficha mabaki na kuwadanganya wachunguzi. Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametukataza tusijitupe wenyewe katika maangamizi, katika Suratul Baqara, aya ya 195, na hakuna mufassir aliyesema kuwa ruhusa hupatikana pakiwako watazamaji.

Wenye YouTube wenyewe walilazimika Januari 2019 kubainisha kwamba mashindano ya kuhatarisha maisha hayaruhusiwi kwao, wala mizaha inayomfanya mtu aamini kuwa atadhurika. Kwa kanuni zao, mtoto wa chini ya miaka 13 hafungui akaunti ya kawaida, na tangu 2015 wanayo programu ya watoto wadogo iitwayo YouTube Kids. Lakini nyumbani kwetu mambo huwaje? Mtoto hupewa simu ya mama yake ili anyamaze chakula kipikike. Akaunti ni ya mama. Mashine haijui kuwa anayetazama ana miaka sita. Humletea video moja, ikiisha humletea nyengine kali zaidi, kwa kuwa kazi yake ni kumzuia asiondoke.

Sasa mizaha. Hapa sina upole. Video za mizaha ni hizi: mtu anajificha nyuma ya mlango akamtisha nyanya yake, au anajitia kuiba, au anamwambia mkewe uongo mzito mbele ya kamera, kisha wote wanacheka. Watu wasema, "Si utani tu?" Utani tunao. Bwana Mtume (S.A.W.) alimtania mtu aliyemwomba mnyama wa kupanda, akamwambia atampa mtoto wa ngamia, yule akashangaa mtoto atamfaa nini, akaambiwa kwani kila ngamia si mtoto wa ngamia? Ni utani, na ni kweli tupu. Ama hadithi iliyomo katika Abu Dawud ni hii: masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, mwenzake akaiendea kamba yake akaichukua, yule akaamka kwa fazaa. Mtume akasema kuwa si halali kwa Muislamu kumtia hofu Muislamu mwenzake. Kamba tu! Wala haikuibwa. Na katika Abu Dawud na Tirmidhi imepokewa kwamba amemuonya vikali mtu asemaye uongo ili awachekeshe watu.

Na mtu asidhani kuwa wanaotishwa huwa ni watu wazima siku zote. Huko Maryland, Marekani, baba na mama wa kambo walikuwa na idhaa yao YouTube ambayo kituko chake kilikuwa watoto wao wenyewe: kuwasingizia makosa, kuwafokea, kuwaliza, kisha kuwaambia ilikuwa mzaha. Mwaka 2017 waliondolewa malezi ya watoto wawili, na mahakama ikawatia hatiani kwa kutowatunza watoto. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa wakiifuata idhaa hiyo, na bila shaka wengi wao walikuwa wazazi. Video za namna hii zisiingie nyumbani, na sihitaji kuzigawa za Ulaya na za hapa kwetu. Ya mtoto wa jirani anayemmwagia maji babu yake aliyelala barazani ni mlango ule ule.

Aliyenifurahisha ni Mark Rober. Huyu alikuwa mhandisi wa NASA, akafanya kazi katika chombo cha Curiosity kilichopelekwa Mirihi, kisha akaingia YouTube. Mwaka 2020 alijenga uani kwake njia ya vikwazo ili kindi wanaokula chakula cha ndege wahangaike kukifikia. Dakika baada ya dakika unamwona kindi anaruka, anaanguka, anajaribu upande mwengine, na Rober anaeleza mwili wake unavyojigeuza hewani. Ni kituko, lakini humo mtoto anakuta akili na anakuta ajabu za uumbaji, ijapokuwa mwenyewe hasemi hivyo. Mwaka 2018 aliwategea wezi wa vifurushi sanduku la kumwaga vumbi la kumetameta. Baada ya kuitoa video ikabainika kuwa wezi wawili kati ya watano walikuwa wamepangwa na watu waliomsaidia, pasina yeye kujua. Akawaambia watu, akavikata vipande hivyo. Kwangu hilo lapata alama kuliko sanduku lenyewe.

Nimrudie MrBeast, maana ndiye watoto wanayemtaja. Jina lake Jimmy Donaldson, na tangu Juni 2024 idhaa yake ndiyo yenye wafuasi wengi kuliko zote YouTube. Mwaka 2021 alizikwa hai kwa saa 50, na 2023 kwa siku 7. Usanii wake ni wa hesabu: kila kitu kina idadi, kila idadi ni kubwa kuliko ya jana. Novemba 2021 aliwakusanya watu 456 wakacheza michezo ya kitoto kwa zawadi ya dola 456,000. Sisemi hiyo ni kamari, kwa kuwa walioingia hawakuweka kitu chao. Lakini mtoto anaona fedha ikija bila ya jasho wala fundi, kwa kukaa ndani ya duara tu asitoke.

Ile ya kuzikwa ndiyo iliyonikaa moyoni. Amelala katika sanduku lenye kuonyesha ndani, udongo uko juu yake, kamera ziko pande zote, na watu wake wako juu wakizungumza naye. Anachoka, analia kidogo, anachekeshwa. Anawaambia watazamaji wasijaribu, na ni vyema kasema. Jambo jengine ndilo linalonikera. Mtoto wetu amekwisha kuona jeneza likitoka nyumbani na likirudi tupu. Amemwona baba yake akishika udongo mara tatu. Anaambiwa kuwa huko mtu huulizwa, na huko haendi na mtu ila amali yake. Kisha kwenye simu anaona kaburi ni mahali pa kukaa wiki moja, watu wakihesabu saa, na mwisho mtu akatoka akakumbatiwa. Mtu mzima ataipambanua tofauti. Mtoto ambaye bado anauliza bibi atarudi lini hataipambanua, na mimi singemwonyesha mpaka abaleghe.

Na hapo hapo, mtu huyu huyu mwezi wa Novemba 2023 alitoa video ya visima 100 alivyochimba Afrika, katika Kenya, Uganda, Somalia, Zimbabwe na Kameruni. Maji yenyewe ni ya kweli. Baadhi ya watu walimlaumu kuwa anajitangaza kwa umaskini wetu, na wengine wakawauliza wenye kulaumu wamechimba vingapi. Sisi tuna mizani yetu. Kisima ni sadaka kubwa: Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma akawaachia Waislamu, na watu wote wakajua. Suratul Baqara, aya ya 271, haikuikataza sadaka ya dhahiri, bali imeisifu, na ya siri ikaifanya bora zaidi. Basi kutoa mbele ya watu pekee si ila. Aya ya 264 ya sura hiyo hiyo ndiyo inayotupa kipimo: sadaka hubatilika kwa masimango na maudhi. Kwa hiyo katika video hiyo tusiangalie mkono unaotoa, tuangalie uso wa anayepewa. Penye bomba, na injini, na maelezo ya jinsi maji yanavyopatikana chini ya mwamba, video ni nzuri na mtoto atafaidika. Penye kamera kusogezwa karibu ili kupata furaha ya mtoto mwenye kiu, hapo ndipo mtazamaji wa Texas na mtazamaji wa Kilifi hawaoni kitu kimoja.

Hiyo msiizuie. Itazameni pamoja, sebuleni, kwenye chombo kikubwa badala ya simu chini ya shuka, na ile hali ya video kujiendeleza yenyewe iwe imezimwa. Na pale anapotokea mtoto anakinga mikono anywe, isimamisheni kidogo, mumwulize wenu kama angependa yeye apigwe picha saa hiyo.