Picha, Mchemraba na Upotevu wa Tafsiri

Minecraft, mchezo wa kompyuta uliotolewa rasmi mwaka 2011, huunda ulimwengu kwa michemraba yenye upande wa mita 1. Kugeuza picha iwe jengo humo ni aina ya tafsiri: kila nukta hupewa mchemraba wa rangi iliyo karibu nayo. Kuanzia mwaka 2012 UN-Habitat, yenye makao Nairobi, iliutumia kuwashirikisha wananchi katika kusanifu viwanja vya umma. Faida hiyo haikataliki. Hata hivyo, mchemraba haupindiki. Nyumba ya asili ya Waborana wa Biliqo, Isiolo, ambayo wanawake huijenga kwa fito zilizopindwa, ikigeuzwa hivyo huonyesha vidato mahali pa mviringo. Mfasiri asiyeukiri upotevu huo huihesabu nyumba kuwa na kasoro, ilhali kasoro ni ya chombo.